Bibi Titi: Jina Tunalolipita Kila Siku

Msikilizaji, ukipanda teksi pale Kariakoo ukamwambia dereva akupitishe Bibi Titi, hatakuuliza Bibi Titi yupi. Anajua unaitaka ile barabara ya Mnazi Mmoja, inayokata Barabara ya Morogoro na kuendelea hadi upande wa Upanga. Kila siku maelfu ya watu hulitamka jina hilo: wanaokwenda kazini, wanafunzi, wachuuzi, hata askari wa usalama barabarani. Lakini hebu mwulize kijana aliyesimama kituoni, huyo Bibi Titi alikuwa nani? Atakujibu kwamba alipigania uhuru. Ni kweli. Mwulize alipigania vipi, na hapo maelezo yanakwisha. Kisha waulize watu wazima ilikuwaje akafungwa jela na serikali ya nchi ile ile aliyoipigania. Wataanza kukohoa.

Mimi leo sitaki kukohoa. Lakini tuanze na hilo la kwanza.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule aliiona hadi darasa la nne, basi. Kabla ya siasa, mji ulimjua kwa sauti yake, kwani alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Waandishi wengi hulitaja jambo hili la ngoma kwa haraka haraka, kama kwamba ni doa dogo katika maisha ya mtu mkubwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo siri yote.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954, na waasisi wake 17 wote walikuwa wanaume. Wakati huo kulikuwa na waraka wa serikali ya kikoloni, wa mwaka 1953, uliowakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Karani, mwalimu wa shule ya serikali, mganga wa zahanati, hao ndio waliojua kusoma na kuandika, na hao ndio waliokuwa na kibarua cha kuota majani. Wengi walikipenda chama kwa moyo, lakini kadi waliiogopa.

Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, Bwana John Hatch, akauliza kuhusu wanawake katika TANU. Swali hilo liliwakuta wenyeji hawana jibu la kujivunia. Ndipo ikaundwa sehemu ya wanawake, na aliyekabidhiwa uongozi wake akawa Bibi Titi, wakati huo hajafikisha hata miaka 30.

Sasa angalia alivyofanya kazi. Hakukaa ofisini kungoja wanachama. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, wale kina mama wakubwa wa lelemama na taarabu, nyumba kwa nyumba. Msikilizaji uliyekulia uswahilini unajua kikundi cha ngoma ni kitu gani. Kina mwenyekiti wake, kina michango, kina sare, na kina namna ya kupeleka habari ya msiba kutoka Gerezani hadi Temeke kabla jua halijazama, bila barua wala simu. Ukimpata mama mkuu umewapata na wenzake. Na wanawake hawa walikuwa na jambo ambalo karani hakuwa nalo: hawakuwa na bwana mkubwa wa kuwafukuza kazi. Aliyepika vitumbua, aliyekaanga samaki, aliyeuza pombe, mkoloni angemwandikia waraka gani?

Matokeo yake yaliandikwa na Oscar Kambona, aliyekuwa Katibu wa TANU. Katika barua aliyoipeleka London mwezi Oktoba 1955, Kambona alieleza kwamba katika muda wa miezi mitatu Bibi Titi alikuwa ameandikisha wanawake 5,000. Msomaji wa leo aipime hesabu hiyo. Chama hakijatimiza mwaka mmoja na nusu, na watu wa kazi za ofisini wamefungwa mikono. Kisha mama huyu wa darasa la nne akatoka nje ya Dar es Salaam, akazunguka majimboni, mara nyingi pamoja na Mwalimu Nyerere, akihutubia watu waliokuwa hawajapata kumwona mwanamke amesimama mbele ya mkutano wa hadhara. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba, 1961, hapakuwa na viongozi wengi waliojulikana nchi nzima kama wao wawili.

Akawa mbunge wa Rufiji. Akawa waziri mdogo. Mwaka 1962 ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa yeye. Katika uchaguzi wa 1965 akashindwa Rufiji, naye hakuwa peke yake, maana hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa mwaka ule. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba. Akajiuzulu katika Kamati Kuu ya chama. Walikuwapo wengine ambao Azimio waliliimba kwa sauti kubwa na nyumba zao wakazisimamia kimya kimya. Hao historia haikuwasumbua sana.

Oktoba 1969 akakamatwa pamoja na aliyekuwa Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza, na maofisa wa jeshi. Shitaka lilikuwa uhaini, kwamba walipanga kuipindua serikali, na aliyetajwa kuwa kinara ni Kambona yule yule, ambaye wakati huo alikuwa London. Kesi ilianza mwaka 1970, nayo ilikuwa ya kwanza ya uhaini katika nchi yetu. Iliendelea kwa siku 127. Shahidi mkuu wa upande wa serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa wapigania uhuru wa PAC ya Afrika Kusini. Bibi Titi alikana mashtaka. Mahakama ilimtia hatiani, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka.

Sikuja hapa kuisikiliza upya kesi ile. Ninachosema ni kuhusu yaliyofuata. Ndoa yake ilivunjika. Marafiki wakawa wachache. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kwa kipimo hicho mji huu haukumfaa. Watoto tuliosoma miaka ya 1970 na 1980 tulifundishwa kuzaliwa kwa TANU bila kulisikia jina lake, au kulisikia kwa kupita tu. Ukimya huo ulidumu karibu miaka 20. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama lilimwandika kuwa shujaa wa kupigania uhuru. Mwaka 1997 mwanahistoria Mmarekani, Susan Geiger, akachapisha kitabu kizima juu ya wanawake wa TANU, na ndani yake Bibi Titi anasimulia maisha yake mwenyewe. Mgeni alitoka mbali kuja kumwuliza mambo ambayo sisi wa redio, tuliokuwa na vinasa sauti na tulioishi naye mji mmoja, tungeweza kumwuliza siku yoyote. Hilo mimi kama mwanahabari linaniuma.

Alifariki dunia tarehe 5 Novemba, 2000, katika hospitali huko Johannesburg.

Na ile barabara, kabla ya kupewa jina lake, iliitwa Mtaa wa UWT, jina la jumuiya ile ile ambayo yeye alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Nampongeza aliyefikiria kubadilisha. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya Bibi Titi haitoshi katika kibao cha mtaa. Ningependa wakuu wa jiji waweke bango pale Mnazi Mmoja, mahali ambapo mtu anayengoja basi anaweza kulisoma. Liandike 1955 na wale wanawake 5,000. Liandike 1962. Na 1969 wasiiruke.