Waingereza walitoka Kahawa. Nanyuki je?

Wasee wa mtaa, leo tuongee historia ambayo tunaipita kwa matatu kila siku.

Unajua ule ukuta wa Moi Air Base, ukitoka Pangani na Juja Road, Mathare ikiwa kushoto kwako? Nimekua nikidhani Moi ndiye alijenga, si jina linasema? Wapi. Hiyo ilikuwa RAF Eastleigh, kambi ya jeshi la anga la Uingereza.

Na walikuwa na mipango ya kukaa. Mwaka 1957 London ilitangaza kupunguza jeshi kwa sababu gharama ilikuwa imewashinda. Hesabu yao ilikuwa askari wachache, lakini wa kurushwa haraka kwa ndege hadi kwenye shida. Kenya ikaonekana mahali pazuri pa kuwaweka. Ndiyo wakajenga Templer Barracks kule Kahawa, majengo ya maana kabisa, miaka michache tu kabla ya uhuru. Sijui nani alikuwa anawashauri.

Uhuru ukafika 12 Desemba 1963. Mwezi uliofuata, askari wetu wa Lanet, Nakuru, wakaasi. Nani aliwazima? Waingereza wale wale, na serikali ya Mzee Kenyatta ndiyo iliwaita. Hapo mimi hukwama. Tulikuwa tunawahesabia siku za kuondoka na bado tunawahitaji.

Mwaka huo wakakubaliana majeshi yatoke kufikia 12 Desemba 1964, na yakatoka kweli. Eastleigh ikachukuliwa na Kenya Air Force, iliyoanzishwa 1 Juni 1964. Kahawa ikakabidhiwa serikali 1965, ikawa Kenyatta College. Kama uko KU, ujue unasomea kambini.

Lakini makubaliano yaliwaachia ruhusa ya kurudi kufanya mazoezi. Hapo ndipo Nanyuki inaingia, na hapo ndipo jina la Agnes Wanjiru linaingia, msichana aliyeuawa 2012, ambaye familia yake imengoja haki zaidi ya miaka kumi.

Kwa hivyo nikisikia serikali yoyote inapunguza wanajeshi nje, hata yetu huko Somalia tulikoingia Oktoba 2011, idadi ya wanaorudi hainitoshi. Nataka kuona mkataba unaobaki.

Na kama kwenu kuna mzee aliyefanya kazi Eastleigh enzi za RAF, muulize siku wazungu walipofunga virago ilikuwaje. Halafu uniambie.