Vitabu vya Mama

Katika kabati la sebuleni kwetu, Mbinga, kuna rundo la vitabu vyenye majalada laini, vimefungwa kwa kamba ya katani. Ni vitabu vya masomo vya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Mama alivifuata Songea kidogo kidogo, kati ya mwaka 1996 na 2001, akirudi navyo kwa basi au juu ya lori la kahawa. Hakuhitimu. Kwa miaka mingi niliiona ile kamba kama aibu ya nyumba yetu. Siku hizi siioni hivyo, na ili nieleze kwa nini, inabidi nianze na bibi.

Mwaka 1973 bibi alikuwa mwanafunzi, ingawa hakuwahi kujiita hivyo. Kila wiki alikaa na majirani barazani kwa mwenye redio, wakasikiliza kipindi cha Mtu ni Afya, kisha kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu na watu wakajadiliana. Baada ya hapo walichimba vyoo na kuchemsha maji. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni mbili. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 ikaundwa kwa sheria Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ilifundisha pia kwa njia ya posta. Kwa hiyo kusoma kwa mbali hakukuja kwetu na kompyuta. Kulikuja na redio ya betri.

Lakini redio ile ilifundisha afya na chakula bora. Shahada ilibaki kuwa mahali unapokwenda. Elimu ya chuo kikuu ilianza nchini mwaka 1961, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, ikahamia Mlimani, na mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama chenyewe. Cha Sokoine, Morogoro, kilikuja mwaka 1984. Kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeishia kidato cha nne, mwenye watoto na shamba la kahawa, vyote viwili vilikuwa na sharti lisiloandikwa popote: uondoke.

Mwaka 1989 Serikali iliunda kamati chini ya Nicholas Kuhanga kuchunguza uwezekano wa kuwa na chuo kikuu huria. Kamati ikatoa ripoti mwaka 1990, Bunge likapitisha sheria Desemba 1992, na Machi 1993 chuo kikaanza kazi, Profesa Geoffrey Mmari akiwa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza. Hakikuwa na mabweni. Kilikuwa na vituo mikoani, vitabu vya kujisomea, vikao vya ana kwa ana na mitihani. Asiye na kidato cha sita aliweza kupitia kozi ya msingi kwanza. Lile sharti la kuondoka likafutwa.

Mama alipitia mlango huo. Nakumbuka chemli mezani na mgongo wake umeinama. Walimu wenzake walimtania kwamba anasomea uzee. Alianza kusoma saa nne usiku, tukishalala, na saa kumi na moja alfajiri alikuwa jikoni. Pembezoni mwa kurasa za saikolojia ya elimu, kando ya maelezo aliyojiandikia, yapo maneno mengine kwa mwandiko uleule: mbolea, sabuni, daftari za darasa la tano.

Ada ilitoka kwenye kahawa. Bei ya kahawa ilipoporomoka duniani, mwaka 2001 tuliuza magunia yetu kwa fedha isiyotosha hata dawa za shamba. Mwaka huohuo bibi akaugua, akahamia kwetu. Mama ndiye binti, kwa hiyo mama ndiye aliyemuuguza. Wiki ya mitihani ilipita akiwa hospitalini. Akafunga vitabu kwa kamba, akasema ataendelea mwakani.

Tukiandika historia ya vyuo huria tunahesabu waliodahiliwa na waliohitimu. Anayekwama katikati anaitwa aliyeacha masomo, kana kwamba alichoka. Chuo kilipofuta kilomita kama elfu moja za kwenda Dar es Salaam, kilifanya jambo kubwa, na wapo walimu wengi waliohitimu bila kuhama vijiji vyao. Ila umbali mwingine ulikuwa ndani ya nyumba, kati ya meza na jiko, na huo sheria ya Bunge haikuugusa. Aliyekuwa na mtu wa kumpikia alifika upesi.

Mimi nasoma shahada ya uzamili kwa simu na kompyuta. Likizo iliyopita nilimkuta mama, sasa mstaafu, akifuta vumbi vile vitabu.

“Bado wanapokea watu wazima?” akauliza.

“Wanapokea, mama. Na vitabu vingi siku hizi viko mtandaoni.”

Akawatazama wanangu wawili waliokuwa wakicheza uani, ambao humwachia kila mitihani yangu inapokaribia.

“Na hawa atawapikia nani?”

Nilikuwa nimekaa mezani nasubiri chakula, kompyuta iko wazi mbele yangu. Niliifunga, nikaenda jikoni kumenya ndizi.