Dema Livutalo

Dema la mvuvi halimfukuzi samaki. Hukaa chini likangoja. Samaki hujiingiza mwenyewe, na njia ya kutokea haioni. Hivyo ndivyo Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1875 juu ya mimea ilayo wadudu, alivyouelewa mmea wa majini wa jenasi Utricularia, ambao ndugu yake, Utricularia stellaris, huelea katika maji matulivu ya Tanzania. Kijidudu, alidhani, husukuma mlango wa kifuko kwa kichwa chake, kikanaswa.

Mary Treat, mtafiti wa New Jersey, Marekani, alitazama kwa hadubini akaona vingine: kijidudu huvutwa. Mwaka huohuo Darwin alimwandikia, akakiri kuwa yeye ndiye aliyekosea.

Kifuko hutoa maji yaliyomo hadi kuta zikabonyea, zikakaa kama upinde uliovutwa. Kinyweleo cha mlangoni kikiguswa, mlango hukunjika kwa ndani, kuta hufutuka, na maji huingia kwa nguvu pamoja na windo. Mwaka 2011 watafiti nchini Ufaransa walionyesha kuwa tendo hilo halifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Treat hakuwa na kamera ya kasi hiyo. Alikuwa na jicho lililovumilia kutazama.