Ndege ya Nyororo

Kaskazini ya Kilwa Kivinje, baharini kati ya Songosongo na Mafia, vipo visiwa vidogo viwili, Nyororo na Okuza. Wavuvi wavijua sana, lakini ni wachache wakumbukao kwamba zamani za Vita Kuu ndege ndogo ilitafuta mahali pa kutua huko.

Mwezi wa Septemba 1914 manowari ya Ujerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, huko Unguja, kisha ikajificha katika vijito vya Rufiji. Waingereza wakaziba milango ya mto, lakini mikoko ilikuwa mirefu, nayo maji hayakuzitosha merikebu zao kubwa kuingia ndani. Ikawapasa kumtafuta mtu wa kutazama toka juu.

Basi wakamwajiri huko Durban rubani wa kiraia, jina lake Dennis Cutler, pamoja na ndege aina ya Curtiss, mali ya mtu binafsi, iwezayo kutua juu ya maji. Mwezi wa Novemba wakaishusha penye kisiwa cha Nyororo. Aliporuka mara ya kwanza hakuwa na dira. Mawingu yakamzinga, akapotea, akatua Okuza, na wenzake wakahangaika kumtafuta hata wakamwona. Joto la pwani likaishinda rejeta ya mtambo, ikabidi waletewe rejeta ya motakaa toka Mombasa. Akaruka tena, akaiona Königsberg kwa macho yake. Bali alipotua, ubao wa chini ukavunjika, wakaagiza mwingine toka Durban.

Mwezi wa Desemba akaenda peke yake, asirudi. Mtambo ulimharibikia, akashuka mtoni mbele ya adui. Wenzake wakafika kwa mashua ya moshi, wakaifunga ndege kamba na kuivuta huku risasi zikiwanyeshea. Ndege ikaokoka, rubani alikuwa amekwisha kuchukuliwa mateka.

Mwaka uliofuata Waingereza walikuwa wamekwisha kuitwaa Mafia, wakatengeneza uwanja wa ndege huko. Tarehe 11 Julai 1915 manowari mbili, Severn na Mersey, zilizoundwa bapa ili zielee penye maji haba, ziliingia mtoni. Juu yao waliruka Cull na Arnold, wakiwaarifu wapiga mizinga kwa simu ya upepo kila kombora lilipoanguka. Ndege yao ikapigwa, mtambo ukazima. Hata walipokuwa wakishuka, Arnold hakuacha kupeleka habari. Walipogusa maji karibu na Mersey ndege ikapinduka. Arnold akarushwa nje. Cull akanaswa chini ya maji, akajikwamua kwa shida. Mashua ya Mersey ikawaokoa wote wawili. Siku ile ile Wadachi waliitoboa Königsberg wenyewe, ikazama matopeni. Baadaye mizinga yake waliiopoa, wakaitumia katika vita vya bara.

Tukizilinganisha habari hizi mbili, twaona kwamba ndege zote mbili ziliharibika, na marubani wote walikuwa mashujaa. Cutler alikwenda peke yake, naye aliposhuka waliokuwa karibu ni adui zake. Cull na Arnold walishuka mbele ya mashua ya wenzao. Wazee wa pwani walilijua jambo hili katika vyombo vyao kabla ya ndege kuja: atwekaye tanga na afikiri kwanza ni nani atakayempokea atakapofika.