Chama Kilichozaliwa Serikalini: UTP, Kura Tatu na Songea ya Miaka ya 1950

Historia ya siasa za Tanganyika katika miaka ya 1950 husimuliwa mara nyingi kama historia ya chama cha TANU peke yake, na kwa sehemu kubwa ni haki isimuliwe hivyo, kwa kuwa TANU ndiyo iliyoshinda na ndiyo iliyoleta uhuru. Hata hivyo, ushindi haueleweki sawasawa mpaka aliyeshindwa afahamike: alitaka nini, alisimama juu ya nguvu gani, na kwa sababu gani nguvu hizo hazikumfaa siku ya kupiga kura. Aliyeshindwa hapa ni United Tanganyika Party, iliyojulikana kwa kifupi kama UTP, chama kidogo cha mrengo wa kulia kilichodumu kwa miaka michache tu. Kwa mrengo wa kulia panakusudiwa msimamo wa siasa unaopendelea mamlaka iliyopo, mali na vyeo vilivyokwisha kujengeka, na mabadiliko yanayokwenda polepole chini ya uangalizi wa walio madarakani. Wilaya ya Songea, iliyokuwa wakati huo katika Jimbo la Kusini, kabla ya Mkoa wa Ruvuma kuundwa, ni mahali pazuri pa kuitazamia habari hiyo, kwa kuwa ilikuwa mbali na ofisi chama kilikozaliwa na karibu na watu ambao kilihitaji kuwavuta.

UTP ilianzishwa mwezi Februari 1956, chini ya miaka miwili baada ya TANU kuundwa tarehe 7 Julai 1954. Chimbuko lake lilikuwa ndani ya Baraza la Kutunga Sheria, chombo ambacho tangu mwaka 1955 kilikuwa na wajumbe 30 wasio wa serikali, yaani Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10, wote wakiteuliwa na gavana. Karibu wajumbe hao wote waliunga mkono mwito wa kuunda chama kipya, na Gavana Edward Twining, aliyekuwa na wasiwasi mkubwa juu ya kukua kwa TANU, akakipa baraka zake. Mwenyekiti wake alikuwa Ivor Bayldon, mlowezi na mjumbe wa baraza. Kwa hiyo chama kilianza na wajumbe, magazeti yaliyokisemea vizuri na milango ya maofisa iliyo wazi, mambo ambayo TANU haikuwa nayo hata moja. Kilichokosekana ni wanachama waliokiomba kizaliwe.

Itikadi yake iliitwa siasa ya mataifa mengi, neno “taifa” likitumika kwa maana ya rangi au asili ya mtu. UTP ilidai kwamba Waafrika, Waasia na Wazungu waongoze nchi kwa pamoja na kwa viti sawasawa, kwamba haki ya kupiga kura ipewe wenye elimu au kipato tu, na kwamba kujitawala kusiharakishwe. Kwa masikio ya wakati ule usawa huo ulisikika kuwa wa upole, hasa ukilinganishwa na siasa za walowezi wa Kenya, na miongoni mwa waliouunga mkono walikuwamo watu walioogopa kwa dhati kwamba chuki za rangi zingeivunja nchi. Lakini hesabu yake haikuwa ya haki. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Waasia makumi ya maelfu, na Wazungu takribani 20,000, hivyo kuyapa makundi hayo matatu viti sawa kulikuwa na maana kwamba Mzungu mmoja alihesabiwa kuwa sawa na Waafrika mia kadhaa.

Songea ilikuwa na sababu zake za kuutilia shaka ushirikiano wa namna hiyo. UTP, kama serikali iliyokuwa nyuma yake, ilitegemea machifu wawe daraja la kuwafikia wananchi wa vijijini, lakini uchifu wa Wangoni ulikuwa umejeruhiwa nusu karne nyuma, baada ya Vita vya Maji Maji, Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Ungoni mjini Songea mwaka 1906, wakiwamo Nkosi (mfalme) Mputa Gama na Nduna (jemadari) Songea Mbano ambaye mji huo unabeba jina lake. Waingereza waliporudisha utawala kupitia machifu, mpango ambao mkoloni alitawala kwa mikono ya watawala wa jadi, waliurudisha katika dola mbili za Njelu na Mshope, lakini machifu hao walipata mshahara na amri kutoka kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, na wananchi walilijua jambo hilo vizuri.

Wakati huohuo nguvu nyingine zilikuwa zimekua pembeni ya uchifu. Wamisionari Wabenediktini, walioingia Peramiho mwaka 1898, walikuwa wamesomesha walimu, makarani na mafundi. Chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilichoanzishwa mwaka 1936, kiliwakusanya wakulima wa tumbaku ya moshi, zao ambalo majani yake hutundikwa ndani ya bani na kukaushwa kwa moto wa kuni unaowashwa chini yake, mkulima akiuangalia usiwe mkali hata kuyaunguza wala usizimike. Katika ushirika huo mkulima alizoea mizani, daftari, mkutano wa mwaka na kuchagua viongozi, na mazoea hayo yalikuwa shule ya siasa kabla chama chochote cha siasa hakijafika kijijini kwake. Wengine walikwenda Tanga kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, wakarudi wakijua habari za vyama vya wafanyakazi. Rashidi Kawawa, aliyezaliwa wilayani Songea mwaka 1926, ndiye aliyekuja kuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955.

Uhusiano kati ya maofisa wa wilaya na TANU ulikuwa mbaya kiasi kwamba Songea iliingia katika kesi mashuhuri kuliko zote za miaka hiyo. Mwaka 1958 Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, alishtakiwa kwa kuwakashifu mabwana shauri wawili, wa Musoma na wa Songea, katika gazeti dogo la Sauti ya TANU, na mwezi Agosti mahakama ya Dar es Salaam ikamtoza faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Kiasi hicho, yaani shilingi 3,000, kilikuwa sawasawa na kipato cha mwaka ambacho sheria ya uchaguzi ilimtaka mtu awe nacho ili apewe haki ya kupiga kura, na kwa mkulima mdogo wa tumbaku zilikuwa fedha za ndoto.

Sheria hiyo ilimtaka mpiga kura awe ametimiza miaka 21, na awe na kipato hicho, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa na serikali. Juu ya hayo kulikuwa na kanuni iliyoitwa kura tatu: kila jimbo lilikuwa na viti vitatu, cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu, na kila mpiga kura alilazimika kumchagua mtu mmoja kwa kila kiti. Aliyeweka alama kwa Mwafrika peke yake aliiharibu karatasi yake yote. Waliobuni utaratibu huo walitumaini kwamba utawalazimisha wagombea wa kila asili kutafuta kura za makundi yote, na kwamba wapiga kura wachache wenye elimu wangeelekea kwenye chama cha mabadiliko ya polepole.

TANU ililijadili jambo hilo Tabora mwezi Januari 1958, katika mkutano ambao nusura uivunje. Wajumbe wengi waliona kushiriki kura tatu ni kuukubali ubaguzi, lakini Nyerere aliwasihi wasikiachie UTP kiti hata kimoja kwa kususa, na hoja yake ikashinda katika kile kilichokuja kuitwa uamuzi wa busara. Zuberi Mtemvu, mmoja wa waliopinga uamuzi huo, alijitoa, akaunda African National Congress. TANU, ambayo wakati huo ilikuwa na wanachama Waafrika tu, ikawaunga mkono Waasia na Wazungu walioamini uhuru wa mapema, na hivyo kanuni iliyotungwa kuizuia ikawa chombo mikononi mwake: mpiga kura aliyelazimishwa kuchagua Mzungu alimchagua Mzungu aliyependekezwa na TANU.

Awamu ya kwanza ya uchaguzi ilifanyika Septemba 1958 katika majimbo matano. Kila mgombea aliyeungwa mkono na TANU alishinda. Bayldon mwenyewe alishindwa, na katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, jirani wa Songea upande wa kaskazini, kiti cha Mzungu kikachukuliwa na Lady Chesham, mwanamke mzaliwa wa Marekani aliyekuwa rafiki wa TANU. Awamu ya pili, iliyolihusu Jimbo la Kusini na Songea ndani yake, ilikuja Februari 1959, na kufikia hapo UTP ilikuwa imeishiwa nguvu kiasi kwamba viti vingi havikuwa na mashindano ya maana. Twining alikuwa amekwisha kustaafu katikati ya mwaka 1958, na gavana mpya, Richard Turnbull, aliona mapema kwamba njia ya amani ilipita kwa Nyerere. Chama kikafa bila kishindo.

Kushindwa huko kunafundisha zaidi kuliko ushindi wenyewe, kwa sababu waliopiga kura hawakuwa umati usiojua kusoma ambao UTP iliuogopa. Walikuwa walimu, makarani, wafanyabiashara na watu wenye vyeo, ambao wengi wao walikuwa watumishi wa serikali waliokatazwa hata kubeba kadi ya TANU. Wao ndio waliotarajiwa kukiinua chama cha gavana, na wao ndio waliokiangusha, kwa kuwa elimu iliyowapa haki ya kura iliwapa pia uwezo wa kuona kwamba ndugu zao wasio na kura wananyimwa kitu kilicho chao.

Palikuwa na gharama pia, na mwanahistoria hana budi kuitaja. Kwa kuwa mpinzani wa kwanza wa TANU alikuwa mtoto wa serikali ya kikoloni, neno upinzani lenyewe lilianza maisha yake likiwa na doa. Mtemvu, ambaye siasa zake zilikuwa kinyume kabisa na za UTP, alipogombea urais mwaka 1962 alipata kura 21,276 tu nchi nzima, na mwaka 1965 katiba ikahalalisha chama kimoja, hali iliyodumu hadi 1992. Kulikuwa na sababu nyingine za uamuzi huo, lakini kumbukumbu ya UTP ilirahisisha kumwona kila mpinzani kama wakala wa mtu mwingine. Haki ya kupinga ilistahili kuanzishwa na wananchi wenyewe, kutokana na malalamiko na matumaini yao, katika mikutano kama ile ya wakulima wa NGOMAT. Kwa kuitangulia nafasi hiyo na kuijaza kwa chama kisicho na mizizi, utawala wa Twining ulijinyima ushindi, na ukaiachia nchi huru kazi ya kujifunza upya, kwa zaidi ya miaka thelathini, kwamba mtu anaweza kuipinga serikali yake huku akiipenda nchi yake.