Duka Wanalolitafuta Wageni, Sisi Tunalipita Tu

Wasee, mkifika majuu kitu ya kwanza mnauliza duka la komiki liko wapi. Sawa. Lakini kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kutafuta duka Nairobi, mwendo wa mathree moja tu kutoka Kitengela.

Wanatafuta santuri. Miaka ya 1970, bendi zilikuja kurekodi Nairobi kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki na Kongo. Les Mangelepa walianza bendi yao hapa mwaka wa 1976. Benga ya D.O. Misiani ilitoka kwa santuri ndogo za inchi 7, wimbo umekatwa katikati: nusu upande huu, nusu ule. Melodica, pale Tom Mboya Street, ilifunguliwa 1971 na bado iko.

Kisha kaseti zikaja. Rahisi kubeba, rahisi zaidi kunakili kiwizi. Santuri zikaishia stoo na jalalani. Wachache walizishikilia, kama Jimmy Rugami, anayeziuza Kenyatta Market tangu 1989, kibanda nambari 570.

Siwalaumu wageni. Wananunua tulichotupa. Shida ni hii: nakala zikiisha hapa, mjukuu wa mpiga gitaa atalipa yuro kumsikia babu yake.

Kwa hivyo ukienda ocha, kabla sanduku la guka halijabebwa na mtu wa skrap, lifungue. Soma lebo. Uliza nani alikuwa anaimba.