Sauti ya Ziwa: Kutafuta Lafudhi ya Kalemie katika Kanda

Mwanafunzi atakaye kujifunza lafudhi ya Kiingereza cha sehemu fulani ya Uskoti hakosi pa kuanzia. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kiliunda taasisi ya masomo ya Kiskoti, na watafiti wake wakaenda mashambani na visiwani wakiwa na vinasa sauti. Lakini mwanafunzi huyo akitaka kumfundisha mgeni lafudhi ya Kalemie, ataambulia kanda gani? Mara nyingi zile za Lubumbashi. Kumpa mgeni kanda hizo na kumwambia kuwa ndicho Kiswahili cha Kongo ni kosa la kihistoria.

Kiswahili kilivuka ziwa kutoka Ujiji pamoja na misafara ya Wangwana katika karne ya 19, miongo kadhaa kabla Kapteni Jacques hajajenga boma la Albertville, Kalemie ya leo, mwaka 1891. David Livingstone, mzaliwa wa Blantyre huko Uskoti, alivuka kuja upande huu mwaka 1869 akifuatana na wafanyabiashara hao. Alifariki mwaka 1873, na fonografu ya Edison ilitokea mwaka 1877. Hivyo hatuna Kiingereza chake, wala Kiswahili cha wenyeji wake, kwa namna ambayo sikio lingeweza kukipokea.

Vinasa sauti vilipofika vilifuata shaba. Hugh Tracey alimrekodi Mwenda wa Bayeke huko Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952. Nyimbo hizo ni hazina, ila wimbo humfaa kidogo mwenye kutafuta lafudhi, kwa kuwa melodia huchukua nafasi ya kiimbo cha mazungumzo. Katika miaka ya 1970 Johannes Fabian alirekodi mazungumzo marefu ya wafanyakazi na wachoraji wa Shaba. Ni yeye pia aliyedai, katika kitabu chake cha mwaka 1986, kwamba Kiswahili cha miji ya migodi hakikuwa mwendelezo tu wa lugha ya misafara, bali kilikuzwa na siasa ya kikoloni ya kazi na ya lugha. Dai hilo likikubaliwa, Lubumbashi haiwezi kuisemea Kalemie.

Atakayeuliza kwa nini maandishi hayatoshi na akitazame kijitabu cha André Yav kuhusu mji wa Elisabethville, kilichotolewa mwaka 1965 na watumishi wa zamani wa majumbani. Mwandishi alifuata sikio: mipaka ya maneno na alama za uakifishaji havikufuata utaratibu wa shule. Fabian alipokitayarisha kwa toleo la mwaka 1990, ilibidi Kalundi Mango, mzungumzaji wa Kiswahili hicho, akisome kwa sauti na kurekodiwa. Ndipo sentensi zilipojitenga na maana ikaonekana. Yaani karatasi ilirudishwa kinywani kwanza! Edgar Polomé alikuwa amekwisha kukichambua Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, na msomaji anaweza kujifunza kutoka vitabuni kwamba huko husemwa *batoto* na *apa*. Mahali pa kupandisha sauti katika swali, au pa kuvuta silabi kwa mshangao, hapajifunzi hivyo.

Kwa lafudhi ya ziwani, basi, kanda hizo zitumike kama kipimo cha kulinganishia, si kama mfano wa kuiga. Kazi yetu ni kurekodi hapa na Moba na Mpala, tukiandika kwa kila msemaji umri, mahali alipozaliwa, lugha ya mama yake na miji aliyokaa. Jambo hili la mwisho si dogo: vita vilivyoanza mwaka 1998, na mapigano ya miaka ya 2016 na 2017 baina ya Watwa na Waluba, vimewaleta Kalemie watu wengi kutoka vijijini, na watoto wao wanakua wakisikia lafudhi kadhaa katika uwanja mmoja. Wazee waliojifunza Kiswahili hapa kabla ya uhuru wa mwaka 1960 wamebaki wachache. Tuanze nao, wala tusiwape matini ya kusoma. Waachwe wabishane juu ya bei ya ndakala.